Santuri za zamani: nivuke Nairobi, niende Mombasa au niagize tu mtandaoni?

MwanaLevolosi
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao nina likizo ya siku tisa na nimeamua iishie kwenye santuri. Nataka kama ishirini hivi, za zamani, zinazopigika. Hapa Arusha nimezunguka mpaka soli imelika. Pale soko la Kilombero nimeonyeshwa redio kaseti, majiko na pasi za mkaa, mwenye santuri hakuna. Nimebakiwa na njia tatu. Kuvuka Namanga niende Nairobi. Kwenda Mombasa, nina shemeji Kisauni, malazi bure. Au nitulie nyumbani niagize kupitia Discogs, lile soko la santuri la mtandaoni. Wapi kuna mzigo wa maana? Hela ipo ila si ya kuchezea.

Fundi_Sindano
Karibu. Umeuliza kama mtu anayeingia duka la dawa akasema "nipe dawa". Santuri za nini? Rumba, taarab, benga, zilipendwa za kwenu, kwaya? Mashine yako ni ipi? Na hiyo "si ya kuchezea" ni shilingi ngapi, za upande gani wa mpaka? Jibu hayo kwanza tusije tukakupeleka kusiko.

Binti_Kibokoni
Mwacheni mgeni apumue jamani, hata maji hajapewa! Kaka, njoo Mombasa. Lebo ya Mzuri, ya Assanand na wanawe, ilikuwa hapa hapa, na taarab ya pwani imeingizwa kwenye sahani hapa kabla nyinyi hamjazaliwa. Ila sikudanganyi: duka lenye rafu zilizojaa santuri kama zamani usilitarajie. Hapa mtu anaulizia. Mji wa Kale kuna watu santuri ziko chini ya kitanda na hawajui wazifanyeje. Halafu useme "santuri". Ukisema "sahani" utaletewa pilau.

DjMstaafu
Kuulizia mlango kwa mlango kwenye likizo ya siku tisa? Wacheni mchezo. Discogs unaona picha ya lebo, namba ya santuri, hali yake, na bei waliyouziana watu huko nyuma. Na ukweli mchungu ni kwamba santuri safi za kwetu ziko Ulaya na Japani. Walikuja wenye macho wakabeba River Road nzima, ule mtaa wa maduka ya santuri Nairobi, sisi tukibadilisha zetu kwa kaseti. Kampuni ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 mwaka 2013, na mimi Mkenya niliununua kwa pauni. Fikiria.

Fundi_Sindano
@DjMstaafu umemaliza? Sasa mwambie na gharama ya posta. Santuri moja ndogo, posta yake inaweza kupita bei yake. Na forodha hawahesabu kodi kwa bei ya santuri peke yake, wanajumlisha na usafiri, kisha VAT ya 18% ya Tanzania inapanda juu yake. Njia hiyo inafaa ukichukua nyingi kwa muuzaji mmoja. Halafu zile alama zao za VG, ambazo kwa maneno ni "nzuri sana", kwa masikio ni kitumbua kwenye mafuta.

BabaZuhura
Vijana salaam. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Huyu bwana anataka kusikiliza nini? Maana kama ni bendi za Tanzania kuna jambo wengi hamlijui. Sisi hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zikitaka sahani zilipanda basi kwenda Nairobi, zikarekodi huko, sahani zikarudi kuuzwa Dar. Zile mlizokuwa mkizisikia Radio Tanzania Dar es Salaam nyingi zilirekodiwa studio ya redio kwenye tepu kubwa, zikabaki kwenye tepu. Kuna wimbo unaoujua neno kwa neno tangu utoto na haujawahi kuwa santuri hata siku moja. Ukiutafuta Nairobi, Mombasa au Japani utazeeka. Na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka ukafungwa mpaka 1983. Hata kilichofyatuliwa Nairobi miaka ile kwetu kilifika kwa shida.

MwanaLevolosi
Shikamoo mzee BabaZuhura, umenifungua macho. Poleni wote, nilisahau maelezo. Santuri ni za baba, anatimiza miaka 70. Ujana wake ulikuwa Morogoro, kwa hiyo Mbaraka Mwinshehe kwanza, halafu Cuban Marimba, halafu rumba yoyote ya wakati ule. Bajeti ni laki nne za Tanzania, nauli mbali. Mashine nimeshanunua, ile ya kisanduku cha kubeba mkononi, spika ndani, rangi ya buluu. Nzuri sana.

BabaZuhura
Marahaba mwanangu. Baba yako ana bahati.

Fundi_Sindano
Nilijua tu. Buluu!

Sikiliza ndugu. Vingi vya visanduku hivyo mkono wake unaobeba sindano ni mzito na hauna uzito wa kurekebisha nyuma. Sindano inalima. Unampa baba santuri iliyoishi miaka hamsini, na kisanduku kinaimaliza kwa miezi. Rudisha ukiweza, utafute mashine ya mtumba yenye mkono wa kurekebishika, hata ikiwa haina spika. Ukishindwa kuirudisha, angalau badilisha sindano mapema, usisubiri ianze kukoroma.

Kuhusu Mbaraka, njoo Nairobi, hapo hakuna mjadala. Alitoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, na sahani zake zimetoka hapa. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya kwenye LP, yaani santuri kubwa, za mfululizo wa Ukumbusho. Anza na hizo, kwa sababu kwenye sahani ndogo wimbo unakatwa: upande mmoja maneno, unageuza, upande wa pili magitaa. LP moja itampa baba nyimbo nyingi kwa hela kidogo. Ila mimi binafsi napenda kugeuza. Ule muda wa kunyanyuka kwenye kiti nao ni sehemu ya wimbo.

Nenda Kenyatta Market, kibanda namba 570. Ukipita wasusi na moshi wa nyama choma umefika. Santuri zimepangwa mpaka darini, na mwenyewe anakupigia usikie kabla hujatoa hela. Siku nyingine pita duka la Melodica, Tom Mboya Street, ni la tangu miaka ya 1970 na lilikuwa na lebo zake. Piga simu kabla hujatoka hotelini.

Binti_Kibokoni
Mbaraka alifia hapa kwetu, ajali ya gari, Januari 1979. Mkitaka kuitaja Mombasa mwaitaja kwa heshima.

TangaRaha82
Naomba niweke langu hapa, maana naona mnamtuma mtu na laki nne bila silaha.

Miaka michache nyuma nilipigiwa simu na mtu, mji sitautaja. Ana masanduku mawili ya santuri za marehemu mzee wake, familia inataka kuzitoa. Akanitumia picha za majalada: Franco, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, taarab. Mate yalinitoka. Nikafunga safari. Nikamkuta mtu mpole, chai imetengwa, mama anapita na kanga begani ananiita mwanangu. Nikaona aibu kuanza kufungua jalada moja moja kama askari wa upekuzi. Nikafungua tatu za juu. Safi kabisa, zinang'aa. Nikalipa mzigo mzima, santuri 64, nikaagana nao kama ndugu.

Nikaziweka kwenye buti la basi. Hapo kosa la pili. Safari ya saa sita, jua la Desemba, na juu ya masanduku yangu mtu ameweka gunia la nazi.

Kufika nyumbani nafungua jalada la Franco, ndani kuna masomo ya Kiingereza ya redio. Jalada la Tabora Jazz, ndani kwaya ya Kijerumani. Morogoro Jazz ilikuwemo kweli, lakini imekatika kama mwezi mchanga. Tisa zilikuwa zimeliwa na maji zikagandana na karatasi zake. Kumi na mbili zilizokuwa nzima gunia la nazi lilizikunja, ukizipiga sindano inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mkondo wa Pemba. Kati ya 64 nilibaki na 11 za kusikiliza. Nikampigia yule bwana. Akaniambia kwa upole uleule: "Kaka, mimi sina mashine, nitajuaje kilichomo?" Na nadhani alikuwa anasema kweli, ndiyo inayoniuma.

Kwa hiyo mdogo wangu, chai kunywa, lakini fungua kila jalada. Itoe sahani, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Mkwaruzo usioshikika kwa ukucha mara nyingi unasameheka. Unaoshikika achana nao. Ukirudi, zibebe mapajani, zikiwa zimesimama. Buti hapana.

KasukuSugu
Watu wazima mnahangaika hivi wakati nyimbo zote hizo ziko kwenye simu bure. Mnunulie mzee spika ya bluetooth, hela inayobaki kateni keki.

TangaRaha82
Wewe umesoma alichoandika BabaZuhura kweli? Si zote.

KasukuSugu
Nyingi basi.

Mpemba_Muttrah
Assalaam alaykum. Nipo Oman, nasoma kimya kimya muda mrefu. Namuunga mkono dada wa Kibokoni. Kwa taarab pwani haina mshindani, na wa kwanza wetu alikuwa Siti binti Saad aliyepelekwa Bombay 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Bibi yangu aliacha sahani nzito za zama hizo, za kasi ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika. Hapa ndipo ninapotaka kumuonya mwenye mada: akikuta sahani nzito inayovunjika kama kigae, asiisafishe kwa spiriti. Hizo si plastiki, ni gundi ya wadudu, spiriti inaiyeyusha. Mimi niliifuta moja kwa pamba na spiriti ya duka la dawa, nikaona weusi unahamia kwenye pamba. Nilidhani ni vumbi. Nikaongeza.

Binti_Kibokoni
Ewe Mola wangu. Ukaongeza!

Fundi_Sindano
Na sindano yake ni nyingine, nene. Ya sahani za kawaida inazama mle ndani na kusikia takataka tu. Kisanduku cha buluu nacho angalia kama kina 78, vingine vinaishia 45.

DjMstaafu
Turudi kwenye mada. @MwanaLevolosi ukiwa Nairobi chukua na Simba Wanyika, baba atafurahi, bendi bora kuwahi kutoka Kenya.

TangaRaha82
Kutoka WAPI? Ndugu wa Kinyonga ni watoto wa Tanga, wameanza muziki Tanga. Nairobi walikwenda kutafuta studio, kama mzee alivyoeleza.

DjMstaafu
Wameundia bendi Kenya, wamerekodi Nairobi, wamepigia Nairobi miaka mingi. Mtoto ni wa aliyemlea.

TangaRaha82
Sikiliza Kiswahili wanachoimba halafu uniambie ni cha mtaa gani wa Nairobi.

Binti_Kibokoni
Haya sasa, na Mombasa mtaipa nini? Walipita hapa pia.

BabaZuhura
Niliwaona wakipiga. Hakuna aliyeuliza pasipoti.

MwanaLevolosi
Naona nimewasha moto. Nimeongea na shemeji wa Kisauni, anasema jirani yao mama mmoja ana "masahani ya zamani" mengi. Sijui ni santuri au vyombo. Kisanduku duka limekataa kukipokea kwa sababu nimeshakifungua. Sasa nawaza niende Nairobi siku mbili kisha nishuke Mombasa kwa treni, ila baba naye ameanza kuuliza kwa nini nimeomba likizo.

Fundi_Sindano
Mwambie unakwenda kwenye msiba. Treni ni salama kuliko buti. Na Kenyatta Market fika asubuhi, mchana utakula nyama hela ya santuri iishe.

Mpemba_Muttrah
Samahani, nje ya mada kidogo. Nina mashine ya santuri ya Philips ya zamani, mkanda wake wa ndani umelegea, muziki unaburuta. Mkanda mpya naupata wapi?

KasukuSugu
Jaribu wa cherehani.

Fundi_Sindano
USIMSIKILIZE. Nitumie picha ya chini ya ile sahani ya mashine inayozunguka, tuone urefu wake.