Yamaha DT175 ya marehemu baba: nifunge kabureta ya Kichina au nibaki na Mikuni yake?

Mtoto_wa_BwanaShamba (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nina Yamaha DT175 ya mwaka 1984 aliyokuwa akitembelea marehemu baba alipokuwa bwana shamba kule Makete. Ilikaa bandani miaka sita. Mwezi wa tano nimeishusha kwa fuso hadi Tanga, nikabadili tairi, plagi na petroli yote.

Inawaka kiki ya tatu au ya nne. Ikiwa taratibu haina neno, lakini nikivuta resi kupita nusu inakohoa na kukosa nguvu kama inayoishiwa mafuta. Nikiachia resi, sailensa (mzunguko wa injini bila resi) inabaki juu, inalia weee, kisha ndiyo inashuka. Plagi nimeifungua, nyeupe kama chaki.

Fundi wa mtaani kwetu anasema kabureta imekufa. Anataka elfu 65 anifungie PZ27 ya pikipiki za Kichina za cc 150, pamoja na waya mpya wa resi, kwa kuwa spea zake zipo kila duka. Mikuni yenyewe haina ufa wowote. Sitaki kuiharibu pikipiki hii. Naombeni ushauri.

FundiMakambako

Kijana, pole kwa kufiwa na mzee, na umefanya vema kuishusha badala ya kuiuza kwa kilo. Nimeanza kufunga DT nikiwa na miaka kumi na tisa. Naomba unisikilize: huo waya mpya wa resi usiukubali. Nautaja waya kabla ya kabureta kwa sababu ndio utakaokuulia injini.

Chukua tochi uufuate kutoka mkononi. Chini ya tangi utakuta unagawanyika kuwa nyaya mbili. Mmoja unakwenda kwenye kabureta, wa pili unashuka kwenye pampu ya oili. Hiyo ndiyo Autolube, pampu inayolisha oili injini ya stroku mbili kama hii ichanganyike na petroli, waliyoianza Yamaha mwaka 1964. Ukivuta resi, petroli inaongezeka na oili nayo inaongezeka papo hapo. Pikipiki ya Kichina ya stroku nne ina waya mmoja, maana oili yake inakaa humo humo chini ya injini. Ukiufunga waya huo kwenye DT, pampu inabaki kwenye kipimo cha sailensa hata ukiwa unakimbia 80.

Kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu. Mwaka 1999 mwalimu mmoja aliniletea DT, nikamfungia kabureta ya kubahatisha na waya mmoja. Ikawaka vizuri, akanishukuru, akaondoka. Ilinoki, injini ikakwama, akipandisha mlima Kitonga. Nilipovua silinda, pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wa ekzosi kuanzia juu hadi chini, na aluminiamu yake imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Nililipa pistoni, ringi na kuchongesha silinda kutoka mfukoni mwangu. Mpaka leo DT ikiingia hapa kwangu, cha kwanza naangalia ile pampu.

Sasa kabureta. PZ27 ina masikio mawili ya bolti, Mikuni yako inaingia kwenye mpira na kukazwa kwa klampu. Fundi atalazimika kuchonga kipande cha kuunganishia, na kila kiungio ni mlango wa hewa ya wizi. Tena jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia mafuta, haziendani. Namba kwenye jeti kubwa ya Mikuni yenye kichwa cha pembe sita inapima mafuta yanayopita, ya kabureta za Keihin na nakala zake kama hiyo PZ27 inafuata kipenyo cha tundu. 110 ya huku si 110 ya kule.

Kwa maelezo yako, Mikuni haijafa. Plagi nyeupe maana yake hewa nyingi, mafuta kidogo. Ivue uisafishe kwa utulivu. Skrubu za Kijapani zinafanana na za msalaba wa kawaida lakini si sawa kabisa, kwa hiyo tafuta bisibisi inayokaa barabara, la sivyo utazila vichwa. Ukifungua bakuli la chini utakuta mabaki ya petroli ya zamani, ya kahawia, yananata kama asali iliyoganda. Ng'oa jeti zote mbili, kubwa na ndogo. Usizitoboe kwa waya wa chuma, shaba yake ni laini, utapanua tundu. Mimi huchukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, napitisha taratibu, nasafisha kwa petroli, napuliza kwa kompresa, kisha naielekeza jeti dirishani. Mwanga uwe duara kamili. Ukiuona una kona, bado kuna uchafu ndani. Jeti ndogo ndiyo hudanganya watu wengi, tundu lake ni jembamba mno.

Sindano ndefu ina mikato mitano. Klipu ianzie wa katikati. Ukishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Skrubu ya hewa kaza kwa upole hadi igote, kisha fungua mzunguko mmoja na nusu. Ukimaliza, igeuze kabureta juu chini, weka mpira wa mafuta mdomoni na upulize. Hewa isipite. Ikipita, sindano ya boya imelika.

Na hili naliuliza kwa makusudi: jeti kubwa ina namba gani? Makete ni juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, na mafundi wa kule huweka jeti ndogo ili pikipiki isifukuze moshi mweusi. Ukiishusha Tanga na jeti ile ile, unaikausha pistoni.

BodaVoi254

Mimi niko Voi. Niliweka PZ27 kwa DT125, pampu nikaitoa, nachanganya oili kwa tangi. Ni mwaka sasa na inatembea. Ila chini haina nguvu kama zamani na inakunywa mafuta sana. Ukifanya hivyo usisahau kuchanganya hata siku moja.

FundiMakambako

BodaVoi, kwa njia hiyo injini inaishi, sikatai. Lakini siku moja atamwazima shemeji yake, shemeji atajaza petroli tupu njiani, na basi. Kijana anayo pampu nzima, aitunze.

Vespa_ya_Unguja

Assalaam aleykum. Mimi ni mtu wa vespa, lakini stroku mbili ni stroku mbili. Ndugu yangu, hiyo sailensa inayobaki juu ukiachia resi inanitia shaka. Kabla hujamaliza pesa kwenye kabureta, tazama sili za krenki. Chombo kikikaa miaka bila kuwashwa mpira wa sili hukauka, injini ikavuta hewa kwa pembeni. Sili ya upande wa magineti ikivuja, plagi huwa nyeupe namna hiyo hiyo. Ya upande wa klachi ikivuja, itanyonya oili ya gia, utaona moshi mweupe mwingi na oili inapungua.

Tazama pia ule mpira wa kabureta. Uwashe chombo, upulizie maji kidogo kuzunguka mpira. Mlio ukibadilika, hapo pana ufa.

Mtoto_wa_BwanaShamba (Tanga)

Shikamoo mzee wangu wa Makambako, na ahsanteni wote. Narudi na majibu.

Waya unagawanyika kweli, kama ulivyosema. Yule fundi nimemwambia aache.

Mpira wa kabureta ulikuwa na ufa kwa chini, hauonekani mpaka uukunje. Nilipopuliza maji, sailensa ilishuka ghafla. Nimeagiza mwingine. Sili ya magineti ilikuwa ngumu kama plastiki, nimebadili. Jeti ndogo ilikuwa imeziba kabisa.

Jeti kubwa niliyoikuta ni 120. Sasa sikilizeni. Mama alinipa kopo la Kimbo la spea za baba. Ndani mlikuwa na platini, klipu za tyubu, na jeti moja ya Mikuni iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Imeandikwa 140, na juu ya karatasi kwa mwandiko wa baba: "Ya Mbarali. Usitupe." Kabla ya kuhamishiwa Makete alifanya kazi Mbarali, bondeni. Nilikaa na ile karatasi muda mrefu.

Nimeifunga hiyo 140. Resi nzima inavuta mpaka mwisho bila kukohoa, na plagi sasa ina rangi ya kahawa. Pampu nimeitoa hewa kwenye skrubu yake mpaka mapovu yameisha, ila kwa usalama tangi hili la kwanza nimechanganya oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Mzee, nikishamaliza tangi hili niache kuchanganya, au niongeze la pili?

FundiMakambako

Marahaba mwanangu. Weka alama ya kalamu kwenye kopo la oili ubavuni. Oili ikishuka tangi hili likiisha, pampu inafanya kazi, acha kuchanganya. Isiposhuka, usitembee, niandikie. Na ile 120 irudishe kwenye karatasi, uandike "Ya Makete".