Bunju anapata wapi sumu yake, na akifugwa analika?

Dau_la_Kusini: Habari wakuu. Bunju, wale samaki wanaojivimbisha, wanaingia sana kwenye nyavu huku pwani, tunawatupa tu. Nasikia hazaliwi na sumu, anaipata kwenye chakula. Nikimfuga bwawani kwa chakula cha dukani, atalika? Na vyura wenye sumu nao ni hivyohivyo?

Maabara_Bahari: Mkuu, uliyosikia yana ukweli, ila bwawa lako silipendi. Sumu yenyewe inaitwa tetrodotoksini na hutengenezwa na bakteria, wakiwamo wa jamii ya Vibrio. Bakteria hao wamo ndani ya minyoo, konokono na viti vya pweza (wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota). Bunju akiwala hao, sumu inajikusanya kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Yeye haimdhuru kwa sababu vitundu vya kupitisha sodiamu kwenye neva zake vina umbo tofauti kidogo, sumu hainasi humo.

Japani wamefuga bunju kwenye vizimba vilivyoinuliwa juu ya sakafu ya bahari, kwa chakula kisicho na sumu, na wakipimwa hawakutwi na sumu. Hata hivyo ini lao bado haliruhusiwi kuuzwa. Bwawa la udongo linalopokea maji ya bahari huingiza konokono na minyoo yake. Vifaranga waliovuliwa baharini huja na sumu tayari, maana mama huipitisha kwenye mayai. Na bunju safi akilishwa ini la mwenzake lenye sumu, naye anakuwa na sumu. Bila maabara ya kupima kila kundi, usimpe mtu.

Mganga_Zamu: Naongeza: kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kugandisha hakuiondoi. Miligramu 2 hivi zinatosha kumuua mtu mzima. Kutoa ini pekee hakusaidii pia, kuna aina, kama Lagocephalus lunaris, ambazo nyama yenyewe ina sumu. Aliyekula huanza kufa ganzi midomo na ulimi, mara nyingi ndani ya dakika 10 hadi 45, halafu viungo vinalegea na pumzi inakata. Dawa ya kuiua sumu haipo. Mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kupumulia, na pumzi ikikata njiani mpulizieni mdomoni bila kuacha. Anaweza kuwa anawasikia ingawa hatikisiki. Akivuka saa 24, kwa kawaida anapona.

Dau_la_Kusini: Nimeelewa, bwawa basi. Vyura je?

Chura_Msituni: Wapo wa aina mbili. Wale wadogo wa rangi kali wa Amerika ya Kati na Kusini, pamoja na Mantella wa Madagaska, huokota sumu kwa kula utitiri wa kwenye majani makavu na sisimizi. Wakizaliwa kwenye kizimba na kulishwa nzi wa matunda, hawana sumu. Aliyekamatwa porini ni habari nyingine, anaweza kubaki nayo miaka.

Ila yule mwenye ngozi ya vipele anayekuja barazani usiku hutengeneza yake mwenyewe kutokana na kolesteroli, na huihifadhi kwenye tezi mbili nyuma ya macho. Huyo mlishe utakacho, sumu ipo. Mbwa akimng'ata, inamisha kichwa chake, suuza mdomo kwa maji yanayotiririka kutokea pembeni ili asiyameze, futa fizi kwa kitambaa, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Maabara_Bahari: Na hao bunju unaowatupa, usiwaache ufukweni. Paka na kuku wanakufa, na watoto huwaokota.