Wauza mota za umeme za boti Mbeya, acheni kuwaambia wavuvi kuwa 55 ni HP

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, lakini kila ninachosema kina hesabu yake. Mwenye duka anayeona nimemwonea aje hapa hapa anijibu kwa hesabu.

Kuna maduka Mbeya mjini yanauza zile mota ndogo za umeme za kufunga tezini, yaani nyuma ya boti, wengine wanaziita mota za trolingi. Sina ugomvi na mota zenyewe. Ugomvi wangu ni jinsi zinavyouzwa. Mtu anapanda kutoka Kyela na hela yake ya mpunga, anaonyeshwa boksi limeandikwa 55, anaambiwa hiyo ni HP 55, yaani nguvu za farasi 55, anabambikwa betri ya gari juu yake, anarudi ziwani. Hakuna anayemuuliza boti yake ina uzito gani ikiwa na watu, wala anavulia wapi, wala atarudi na nini upepo ukiamka.

Mjomba wangu ndiye nahodha wa boti yetu ya mbao pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Alipokwenda kununua aliuliza swali la mtu mwenye akili zake: hii na mashine yangu ya petroli ya HP 15, ipi ina nguvu? Baadaye nilikwenda naye dukani kudai, na yule kijana akarudia jibu lake mbele yangu bila haya: "Mzee, yako kumi na tano, hii hamsini na tano. Hesabu si unaiona?" Nikamwambia basi aniandikie kwenye risiti kuwa ni HP 55, aweke na muhuri. Hakuandika. Kwa hiyo alikuwa anajua.

Hiyo 55 ni paundi za msukumo. Ni kama kilo 25 za kusukuma maji, mota ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Haihusiani kabisa na HP. Geuza mota usome ile karatasi ya ubavuni: volti 12, ampia 50. Zidisha, unapata wati 600. HP moja ni wati 746. Maana yake mota hiyo inakula umeme usiofika HP moja, na unaofika kwenye propela ni pungufu ya hapo kwa sababu mwingine unapotea kama joto. Mashine ya mjomba ya HP 15 ni zaidi ya wati 11,000. Mzee wa watu ameambiwa aache kitu chenye nguvu karibu mara 19 ya hicho anachouziwa, na aliyemwambia anajua kusoma kilichoandikwa kwenye boksi.

Sasa msije mkasema wavuvi wa Nyasa wanapenda vitu vya ajabu. Mota ya umeme ina kazi yake kwetu, tena kazi nzuri. Wanaojua Matema wanajua ile Milima ya Livingstone inavyoshuka moja kwa moja majini. Sogea kidogo tu kutoka ukingoni na kamba ya nanga haigusi chini. Ziwa hili lina sehemu za kina cha mita 700 hivi. Ukitaka boti itulie mahali pamoja uvue kwa mshipi, lazima mtu apige kasia muda wote, au uwe na kitu cha kuishikilia kimyakimya. Na ukitaka kuburuta ndoano taratibu kutafuta samaki aina ya mbasa, mashine ya petroli inapiga kelele na inakula mafuta ukiwa hata hujavua. Hapo ndipo mota ya umeme inapofaa. Inakaa pembeni ya mashine kubwa na inafanya kazi ya polepole. Kijana angemwambia mjomba hivyo, tungenunua na tungemshukuru.

Badala yake akamwambia mashine ya petroli aiuze.

Turudi kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu watakufa. Boti ya mbao, watu watatu, nyavu, maji, samaki, betri: weka kilo 900 na hujazidisha. Kanuni inayotumika ni paundi 2 za msukumo kwa kila kilo 45 za boti iliyokwisha kupakiwa. Kwa hiyo kilo 900 zinataka paundi 40, na hapo maji yametulia. Paundi 55 zinatosha kwa asubuhi tulivu. Lakini sisi tuna upepo wa kusini mashariki, ule ndugu zetu wa upande wa Malawi wanauita Mwera, unaovuma kwa nguvu miezi ya katikati ya mwaka na kuja na mawimbi kutoka mbali, maana ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na hakuna cha kuuzuia. Ukiamka ukiwa nje na kilo 25 za msukumo, utakuwa unarudi nyuma huku mota inazunguka.

Na usidanganywe kuwa ukifunga mbili utakwenda kasi mara mbili. Propela za mota hizi zimeundwa kwa mwendo mdogo. Hata kwenye boti nyepesi zinaishia kilomita 8 kwa saa au karibu na hapo. Boti nzito ya mbao haifiki huko. Mota ya pili inakuongezea uwezo wa kusukuma uzito, mwendo unabaki karibu pale pale.

Haya, betri. Hapa ndipo nimekasirika kuliko kote, kwa sababu ukinunua mota ya umeme, kitu kikubwa unachonunua ni betri, na hicho ndicho maduka haya yanakitupia mwishoni kama nyongeza.

Mjomba alipewa N70 ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, halafu inarudishiwa chaji na altaneta. Bamba zake za ndani ni nyembamba. Ukiimaliza mara kwa mara inakufa, na hakuna fundi wa kuifufua. N70 ina kama Ah 70, yaani ampia-saa 70: ampia moja kwa saa 70. Betri ya risasi, kama hiyo ya gari, haitakiwi kushushwa chini ya nusu ya chaji kama unataka idumu, kwa hiyo una Ah 35 za kutumia. Mota inavuta ampia 50. Hata ungepata zote 35, ni dakika 42. Na hupati zote, kwa sababu zile Ah zilizoandikwa kwenye betri ya risasi kwa kawaida hupimwa kwa kuitumia polepole saa 20. Ukiivuta kwa nguvu inatoa pungufu. Nusu saa ya kufungulia mwisho, kwenye maji yaliyotulia, unakuwa umekwenda kilomita mbili hivi. Wavuvi wetu wanavulia umbali gani kutoka ufukweni? Mwambieni huyo kijana aje ajionee.

Mjomba aliishiwa umeme nje na upepo ukiwa umeshaanza. Mashine ya petroli ilikuwa nyumbani, kwa sababu dukani alishauriwa aachane nayo. Walipiga makasia na kijana wake mpaka boti ya wavuvi wa usipa ikawaona na kuwavuta. Shangazi alikuwa amesimama ufukweni na watoto muda wote huo. Siwezi kuliandika hili kwa upole.

Kisha dukani akaambiwa tatizo ni kukosa paneli ya sola, anunue ya wati 50 aiweke hapo hapo botini "iwe inachaji huku unavua". Paneli ya wati 50, jua likiwa kali kabisa, inarudisha ampia zisizofika 4. Mota inavuta 50. Na Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko karibu zote nchini. Mwezi wa nne hilo jua unalitoa wapi? Hata paneli ya wati 100 kwenye siku nzuri inakurudishia kama Ah 30. Ukimaliza nusu ya betri ya Ah 100 leo, kesho haijajaa. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba, na muuza sola anaijua kuliko mimi.

Mnaofikiria kununua, ulizeni betri kwanza kabla ya kuishika mota. Ikiwa ni ya risasi, iwe ile ya kutumika mpaka nusu na kuchajiwa tena kila siku, ile inayoitwa dipu saiko, na iwe Ah 100 au zaidi; mjue ina uzito wa karibu kilo 30, kwa hiyo ihesabiwe kwenye mzigo wa boti. Ikiwa mna uwezo, lithiamu ya aina ya LiFePO4. Ah 100 yake ina uzito unaozunguka kilo 12, unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake bila kuiumiza, na inavumilia kuchajiwa mara elfu kadhaa pale ambapo ya risasi inavumilia mia chache. Ila muulizeni muuzaji ile saketi ya ulinzi ya ndani inaruhusu ampia ngapi. Ikiwa ni 50 na mota ni ya 50, itakukatia umeme katikati ya ziwa. Tafuta ya 100. Na lithiamu hailegei taratibu kama ya risasi ili ujue inaisha. Inasukuma vizuri halafu inazima. Kipimo cha chaji botini ni lazima.

Waya nao. Mjomba alirefushiwa waya ili betri ikae katikati ya boti, na fundi wa dukani akaunga waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5. Waya wa kuwashia taa! Kwa ampia 50, mita 3 kwenda na 3 kurudi, waya huo unapoteza volti 2 njiani. Volti 2 kwa ampia 50 ni wati 100 zinazogeuka moto ndani ya boti ya mbao. Ulikuwa umelainika mpaka plastiki inanata mkononi. Waya wa milimita za mraba 16 kwa umbali huo haupotezi hata nusu volti. Na hakukuwa na fyuzi. Hakuna breka, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, hakuna chochote kati ya betri na mota. Inatakiwa breka ya ampia 60 karibu na betri, kila mara, hata boti iwe ndogo kiasi gani.

Mengine kwa haraka. Kwa tezi ndefu za boti zetu za mbao, shafti, ile nguzo inayoshusha propela majini, ya sentimita 76 ni fupi. Wimbi likipita propela inapiga hewa. Tafuta ya 91 au zaidi, propela izame kama sentimita 30. Mota unayoongeza mwendo kwa kuzungusha kitufe taratibu inatunza betri kuliko ile ya gia tano, hasa ukienda polepole. Msilipie zaidi kwa mota ya maji chumvi, Nyasa ni maji baridi. Na kila mkitoka majini, vueni propela mwangalie kama mshipi wa nailoni umejisokota nyuma yake, kwa sababu unakata sili, ule mpira wa kuzuia maji, na maji yanaingia kwenye mota.

Kutambua namba za uongo pia si kazi. Kwa volti 12, paundi moja inavuta karibu ampia moja. Ya 30 inavuta kama 30, ya 45 kama 45. Ukikuta boksi linasema paundi 80, volti 12, ampia 40, liache hapo hapo. Mota za paundi 80 za kweli ni za volti 24, zinataka betri mbili.

Nina jamaa anavua perege kwenye bwawa la Mtera, maji hayana kina kirefu na anavulia karibu na ukingo. Ana mota kama hiyo hiyo na anaisifia. Sawa kabisa, kule inafaa, ingawa visiki vimemkatia pini ya propela. Hiyo inaonyesha kwamba muuzaji alitakiwa kumuuliza mteja anavulia wapi.

Tulipoirudisha tukaambiwa vitu vya umeme havirudishwi. Risiti tunayo, boksi tumelipiga picha. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kumwambia mzee paundi 55 ni HP 55 ni kumpotosha. Barua kwa Tume ya Ushindani imeshaandikwa. Tunataka hela ya mota, ya betri iliyokufa na ya waya ulioungua. Mwenye duka, unajijua. Ukirudisha kabla barua haijafika nitakuja kuandika hapa kwamba umerudisha.

Na wengine mliouziwa kwa maneno hayo hayo, Itungi, Matema, Mtera au popote, wekeni hapa: uzito wa boti, aina ya betri, unene wa waya, na mota ilidumu muda gani siku yenye upepo. Picha za risiti ficheni majina yenu, tarehe iachwe ionekane.