Naomba ushauri: salamu za sikukuu kwa waendesha pikipiki wenzangu

Ndugu wanachama, kila Krismasi ya tarehe 25 Desemba inapokaribia, mimi ndiye ninayeandika salamu za heri kwa niaba ya kikundi chetu cha waendesha pikipiki, na miaka yote kazi hiyo imekuwa nyepesi: kuwatakia wenzangu sikukuu njema, mwaka mpya wa baraka na safari salama. Mwaka huu kalamu imekuwa nzito. Mwenzetu mmoja alifariki kwa ajali miezi mitatu iliyopita, na mjane wake, ambaye bado hupokea salamu zetu, ameniambia kwamba kofia ngumu ya marehemu, yenye mkwaruzo upande wa kushoto, ingali imetundikwa nyuma ya mlango. Je, nimtaje marehemu katika salamu za wote, au nimwandikie mjane barua yake peke yake? Mimi naelekea kwenye barua. Wapo pia wenzetu Waislamu, ambao ningependa wajione wamo. Na lile onyo la kutoendesha baada ya kunywa pombe, ambalo siwezi kuliacha, niliweke vipi ili mjane asije akadhani namsema mumewe, nikamtonesha kidonda? Natanguliza shukrani.