Joto huongeza kasi ya mmenyuko tu, au huamua pia zao lake?

Mwalimu wa sekondari, Tabora

Ndugu zangu wapenda kemia, salamu kutoka Tabora. Wiki iliyopita wanafunzi wangu wa kidato cha sita walichemsha ethanoli pamoja na asidi ya salfuriki iliyokolea. Kundi la kwanza lilifikisha nyuzi 170 za Selsiasi, na gesi waliyoipata, yaani etheni, iliondoa rangi ya maji ya bromini mara moja. Kundi la pili halikuvuka nyuzi 140. Maji yao ya bromini yalibaki na rangi yake, ila chumba kilianza kunukia etha, nikaamuru mioto yote izimwe na madirisha yafunguliwe.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza hivi: ikiwa joto huzifanya molekuli ziende mbio zaidi, kwa nini zisifike palepale mapema, badala ya kufika mahali pengine kabisa? Nilimpa jibu la kitabuni, lakini halikumtosheleza, wala mimi mwenyewe halikuniridhisha. Naomba msaada wenu.

Mkemia, Kigoma mjini

Mwalimu, swali hilo ni la thamani, na mimi ningelianza kwa hesabu. Kasi ya wastani ya molekuli hufuata kipeuo cha pili cha jotoridi linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi, kwa hiyo kutoka nyuzi 140 hadi 170 kasi hiyo huongezeka kwa chini ya asilimia 4. Ongezeko hilo ni dogo mno kueleza mliyoyaona. Kinachobadilika sana ni idadi ya zile molekuli chache zilizo juu kabisa ya wastani, maana ni hizo pekee zenye nishati ya kuvuka kilima kinachotenganisha vitu vya mwanzo na zao. Svante Arrhenius aliliweka jambo hili katika mlinganyo mwaka 1889. Tukichukua kwa mfano kilima cha kilojuli 100 kwa moli, nyuzi hizo 30 huzidisha kasi ya mmenyuko karibu mara 7; kilima kikiwa cha kilojuli 120, huizidisha karibu mara 11. Njia mbili zinaposhindana, ile yenye kilima kirefu zaidi ndiyo inayofaidi joto zaidi.

Sasa zitazame njia zenyewe. Zote mbili huanza pale molekuli ya ethanoli inapopokea protoni kutoka kwenye asidi. Ili etha ipatikane, ni lazima molekuli ya pili ya ethanoli ifike na kuikabili kaboni kutoka upande wa nyuma, mkabala na maji yanayoondoka. Ikigonga ubavuni, hata kwa nguvu, hurudi ilikotoka. Etheni haidai mkutano wa namna hiyo: molekuli moja inapoteza maji na protoni, na vipande vinatawanyika. Kadiri joto linavyopanda ndivyo njia ya kutawanyika inavyozidi kupata nafasi. Niongeze pia kwamba joto halifanyi kazi peke yake, kwa kuwa anayetaka etha huweka ethanoli nyingi, na anayetaka etheni huweka asidi nyingi.

Mpika sabuni, Ujiji

Mimi si mkemia, lakini napika sabuni ya mawese. Nikimimina maji ya kostiki juu ya mawese ya moto na kuyaacha, hukaa tabaka mbili muda mrefu. Nikikoroga, rojo huwa jepesi kwa kitambo, kisha hukaza kwa ghafla hadi mwiko unaacha mfereji nyuma yake. Je, kukoroga ni sawa na kuongeza moto?

Mkemia, Kigoma mjini

Hapana, ndugu yangu, na tofauti hiyo ni muhimu. Mwiko hauzipi molekuli nishati ya kuvuka kilima. Kazi yake ni kuyakata mafuta kuwa matone madogo, ili mpaka kati yake na maji ya kostiki uwe mpana, kwani ni hapo mpakani tu molekuli za mafuta na za kostiki zinapokutana. Ule ukazo wa ghafla una sababu yake: sabuni ya kwanza kutokea hushika mafuta kwa mkia na maji kwa kichwa, matone yakazidi kuwa madogo, na mmenyuko ukajiharakisha wenyewe.

Mwalimu, mpe mwanafunzi wako na mfano wa butadieni, molekuli yenye kaboni nne mfululizo, ikiungana na haidrojeni bromidi. Kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, takriban asilimia 80 ya zao ni lile linaloundwa upesi, ambapo bromini hukaa kwenye kaboni ya pili. Kwenye nyuzi 40 uwiano hugeuka, na lile lililo imara zaidi ndilo linalotawala, kwa sababu sasa molekuli zina nishati ya kurudi nyuma na kuchagua upya. Baridi huzifungia pale zilipofika kwanza.

Mwalimu wa sekondari, Tabora

Nashukuru sana. Hiyo asilimia 4 nimeiandika ubaoni leo asubuhi, na darasa zima lilinyamaza. Yule kijana sasa anauliza kama etha yetu nayo, ikipashwa pamoja na asidi hadi nyuzi 170, ingetoa etheni.

Mkemia, Kigoma mjini

Ingetoa. Etha nayo hupokea protoni na kuvunjika. Ila asiijaribu kwa chupa iliyo wazi, maana etha huchemka kwenye nyuzi 35 na mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno.