Tunabana matumizi safarini kwa wiki kadhaa, kisha kitufe kimoja cha mashine kinatukamua

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Nimerudi juzi kutoka safari ya wiki 7 ya kuzunguka nchi za watu nikiwa na begi moja tu la mgongoni, na badala ya kuja na simulizi nimekuja na hasira. Jana usiku niliketi na taarifa ya akaunti yangu ya benki pamoja na risiti zote nilizozitunza, nikakuta kwamba fedha nilizoziokoa kwa kulala vyumba vya watu 12, kwa kupanda mabasi ya usiku ili nisilipie malazi, na kwa kutembea hadi malengelenge yakanipasukia miguuni, karibu zote zimeliwa na makato ambayo hakuna aliyenieleza waziwazi.

Naanza na mashine za kutolea fedha, maana ndizo zilizoniumiza zaidi. Nilifika uwanja wa ndege saa saba usiku, nimechoka, na basi la mwisho la kuingia mjini lilikuwa linakaribia kuondoka. Niliingiza kadi, nikaandika kiasi, kisha skrini ikaniuliza kama nakubali fedha hizo zikokotolewe kwa sarafu ya nchi yangu, kwa kiwango ambacho walikiita cha uhakika. Sehemu ya kukubali ilikuwa kubwa, ya kijani, na ilikaa upande ule ule ambao kidole kimezoea kubonyeza. Sehemu ya kukataa ilikuwa na maandishi ya kijivu hafifu, tena yaliyopangwa kwa namna ya kumfanya mtu aamini kwamba akikataa muamala wote utafutwa na kadi itarudi bila fedha. Huo ni upotoshaji. Ukikataa, fedha zinatoka vilevile na kwa kiasi kilekile, isipokuwa kazi ya kubadilisha sarafu inafanywa na mtandao wa kadi (kama Visa au Mastercard) pamoja na benki yako, badala ya kufanywa na mwenye mashine kwa kiwango alichojipangia mwenyewe. Mimi sikulijua hilo. Nilibonyeza kijani usiku ule, nikabonyeza tena mara 4 katika miji mingine, na siku niliyopata utulivu wa kusoma risiti hadi mstari wa chini kabisa ndipo nilipoona kwamba nyongeza waliyoweka juu ya kiwango cha kawaida cha kubadilisha fedha ilikuwa asilimia 9.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Aprili 2020 sheria inamtaka anayetoa huduma hiyo amwonyeshe mteja nyongeza yote kwa asilimia, ikilinganishwa na kiwango cha marejeo cha Benki Kuu ya Ulaya, kabla mteja hajakubali. Angalau mtu anapewa nafasi ya kuiona kamba kabla haijamfunga. Mashine zilizonichuna mimi hazikuwa huko, na asilimia yenyewe niliikuta kwenye karatasi wakati fedha zimeshatoka.

Wala makato hayaishii hapo. Mwenye mashine alichukua tozo yake ya kudumu kwa kila muamala, na benki yangu nayo ikaongeza asilimia 3 kwa sababu kadi imetumika nje ya nchi, kwa hiyo muamala mmoja ulikatwa na mikono mitatu. Kinachonikera zaidi ni kwamba nilifuata ushauri unaorudiwa kila mahali, wa kutotembea na fedha nyingi mfukoni, nikawa natoa kidogo kidogo. Ushauri huo ni mzuri kwa usalama, lakini anayeutoa anapaswa kumalizia hesabu: tozo ya 5 ukitoa 50 ni asilimia 10 ya fedha zako, ilhali tozo hiyohiyo ukitoa 250 ni asilimia 2 tu. Mimi nilijilinda dhidi ya vibaka wa mtaani huku nikiibiwa na mashine iliyopigiliwa ukutani.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo limekuwa likinikereketa muda mrefu. Kila ukisoma mawaidha ya kusafiri kwa gharama ndogo, unaambiwa ushindane bei na mchuuzi wa barabarani, umwachie bidhaa yake na kujifanya unaondoka, umbane hadi apunguze sarafu mbili tatu ambazo pengine ndizo faida yake yote ya asubuhi. Nimefanya hivyo, na ninaona aibu kuandika kwamba jioni ya siku hiyohiyo nilimpa mwenye mashine mara 20 ya kile nilichomnyima mchuuzi, bila kubishana naye hata neno moja.

Maduka ya kubadilishia fedha yanayobandika tangazo kwamba hayatozi kamisheni sitayasemea mengi. Kamisheni wameificha katika pengo kati ya bei wanayonunulia na bei wanayouzia, na pengo hilo la uwanja wa ndege ni pana mno.

Upande wa ndege, nilinunua tiketi ya bei nafuu, nikapima begi langu kwa futi nyumbani, likawa ndani ya vipimo. Langoni mfanyakazi alinitaka nilitumbukize kwenye boksi la chuma la kupimia, likaingia lote isipokuwa mkanda wa bega uliochomoza upana wa vidole viwili, na kwa vidole hivyo viwili nikatozwa fedha zinazozidi nauli yenyewe, huku foleni ikinisukuma kutoka nyuma na mlango ukikaribia kufungwa. Si mimi peke yangu ninayelia. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaeleza mwaka 2014 kwamba mzigo wa mkononi wenye uzito na ukubwa wa kiasi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha abiria, na hivyo haupaswi kutozwa nyongeza. Novemba 2024 serikali ya Hispania ikazipiga kampuni 5 za ndege za bei nafuu faini ya jumla ya euro milioni 179, kwa makosa yakiwemo hayo ya kutoza mabegi ya kabini. Kampuni zikapinga, na boksi la chuma bado lipo langoni.

Hosteli nazo zimeanza kuiga. Hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana ilifunguliwa mwaka 1912 katika ngome ya Altena, Ujerumani, na mwalimu Richard Schirrmann, ili wanafunzi waliokuwa wakisafiri kwa miguu wapate pa kulala bila gharama kubwa. Mimi nililipia kitanda mtandaoni, nikafika mapokezi nikaambiwa shuka inalipiwa, taulo inalipiwa, kufuli la kabati linalipiwa, na kwamba hairuhusiwi kutumia shuka niliyobeba mwenyewe. Kama shuka ni lazima, basi ni sehemu ya bei ya kitanda, na ilipaswa kuandikwa siku ile nilipolipa.

Nimeiandikia benki yangu kuhusu miamala ile 5 ya ubadilishaji, nikaambatanisha risiti zote. Jibu lilikuja kwa mistari miwili: mteja alikubali mwenyewe, na anayehusika ni mwenye mashine. Mwenye mashine akajibu kwamba niwasiliane na benki iliyonipa kadi. Sijakubali kupigwa danadana namna hii, na barua ya pili nimeanza kuiandika. Kwa hiyo yeyote kati yenu aliyewahi kurudishiwa nyongeza ya aina hii, naomba anieleze alidai kwa msingi gani, alipeleka malalamiko kwa nani baada ya benki kukataa, na kama alitakiwa kuthibitisha jinsi skrini ilivyoonekana, kwa sababu mimi nina risiti tu na picha ya skrini sikupiga.