Nimeachishwa kibarua Changamwe. Nirudi Kinango au nibaki mjini? Naomba ushauri

Mwana_wa_Ndavaya

Salamu kwenu nyote. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Magongo. Kwa miaka sita na miezi nimekuwa kibarua kwenye yadi moja ya makontena hapa Changamwe. Si kazi ya kuandikwa. Unafika getini alfajiri, ukiitwa unaingia, na mimi nilikuwa naitwa karibu kila siku kwa sababu msimamizi ananijua. Mwezi uliopita tukaambiwa mzigo umepungua, watu arobaini tusirudi. Tukalipwa siku za wiki ile, basi.

Nina 140,000 za chama. Mke wangu anauza viazi karai na bajia jioni, na ndivyo vinavyotulisha sasa hivi.

Nyumbani ni Kinango, upande wa Ndavaya. Kuna ekari 9 alizoacha babu, yuko mama na baba mdogo. Baba mdogo ananisihi nirudi nilime mahindi na nifuge. Rafiki yangu wa Mikindani naye ananiambia niweke arubuni ya tuktuk ya mkopo. Mke wangu hataki hata kusikia habari ya kuhama. Na mimi mwenyewe nina hofu, kwa sababu 2022 nilienda nyumbani nikakuta ng'ombe saba wa baba mdogo wamekufa, wamebaki wawili, wanainuliwa kwa mkia ndipo wasimame. Sijalisahau lile jua.

Waliorudi mashambani niambieni ukweli: Kinango kuna kazi gani inayomlipa mtu?

DerevaLikoni

Pole sana ndugu yangu. Mimi niliendesha lori miaka tisa. Mizigo ilipoanza kupanda reli mpya ya SGR Januari 2018 nikadhani ni ya muda. 2019 ikaja ile amri ya makontena ya bara yote kwenda kwa reli, safari zangu zikaisha. Amri iliondolewa Septemba 2022 lakini tajiri wangu alikuwa ameshauza malori. Nikachukua tuktuk ya mkopo. Nakusihi usiweke pesa yote huko. Marejesho ni kila wiki, iwe umebeba abiria au umelala na homa, na stejini siku hizi tuko wengi kuliko abiria.

Bi_Mazeras

Kaka, mimi nanunua mbuzi Samburu na Kinango, huku huku Kwale, nauza mnada wa Mariakani na kwa wachinjaji wa mjini. Ni mwaka wa kumi na moja huu. Acha nikueleze pesa ya kule inavyotembea, maana wengi wanarudi bila kuijua.

Kijijini kwenu pesa nyingi haianzii shambani. Inaanzia kwa mwalimu, kwa muuguzi wa zahanati, na kwa mtoto aliye Mombasa anayetuma elfu mbili mwisho wa mwezi. Hizo elfu mbili zinaingia dukani kwa unga, mwenye duka anamlipa kijana wa kuleta maji kwa punda, yule kijana anamlipa fundi wa baiskeli. Makaa, mchanga wa mtoni, mawe ya kujengea, vyote mnunuzi wake yuko huku mjini. Kwa hiyo ulipokuwa unabeba magunia Changamwe ulikuwa unaajiri watu Ndavaya. Ukirudi mikono mitupu, mama amepoteza wa kumtumia na ameongezewa vinywa vitano. Ardhi unayo, hilo si tatizo. Tafuta kwanza utamuuzia nani.

Mahindi msamehe baba mdogo, ni mazoea ya wazee. Masika yakichelewa umepoteza mbegu na nguvu zako. Pojo na kunde ndiyo mazao ya kwetu. Pojo hukomaa kwa miezi miwili na kitu, hata vuli fupi huweza kukuvunia. Ila usiuze siku ya kuvuna. Dalali anakuja na mizani yake akijua ada za shule zinadaiwa. Kausha vizuri, weka kwenye magunia yasiyopitisha hewa, fukusi wasiingie.

Mbuzi sasa. Nunua majike, dume moja zuri la aina ya Galla mnaweza kushirikiana na jirani. Jike hubeba mimba miezi mitano. Soko letu kubwa ni Idi ya Kuchinja, na mbuzi wa kuchinja lazima awe ametimiza angalau mwaka, wengine hutaka miwili, asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe mgonjwa. Idi huja mapema kwa kama siku 11 kila mwaka, basi chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma: angalau miezi kumi na miwili ya umri, mitano ya mimba, na ziada. Ukiona watu wanakimbilia kununua wiki tatu kabla ya Idi, hao wanashindania mbuzi wa wenzao.

Na chanjo ya homa ya mapafu usiikwepe. Nilipoteza mbuzi 14 kwa wiki moja kwa kuahirisha chanjo. Nililia kama niliyefiwa.

Wakili_mtaani_Tudor

Kabla ya mbuzi na pojo, ndugu, umeacha haki yako getini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi isiyoweza kuisha chini ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Miaka sita si kibarua tena. Na kifungu cha 40 kinasema mtu akipunguzwa kwa sababu kazi imekwisha apewe notisi ya mwezi mmoja, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Kusanya ujumbe wa malipo ya M-Pesa, pasi za getini, majina ya wenzako. Nendeni pamoja ofisi ya kazi, ikishindikana kuna Mahakama ya Ajira hapa Mombasa. Muda wa kudai ni miaka mitatu, lakini usingoje, kumbukumbu zinapotea.

Mnguluku

Nakuandikia kutoka Msambweni. Huku machimbo ya titani yalifungwa Desemba 2024, baada ya miaka kama kumi na moja. Vijana walijenga nyumba za kupangisha, mama ntilie wakafungua vibanda, na wateja wote walikuwa wafanyakazi wa machimbo. Sasa vyumba viko wazi. Nyumba ninazoona zimesimama ni zile ambazo mume alikuwa machimboni na mke analima au anashona, yaani pesa ziliingia kwa milango miwili. Mke wako ana mlango wake tayari hapo Magongo.

Mama_Zuhura

Naunga mkono Mnguluku. Kaka, wateja wa viazi karai hupatikana kwa miaka, wanajua pilipili yake na ukwaju wake. Ukimhamisha leo umefunga biashara pekee inayoingiza pesa nyumbani mwako. Muulize anahitaji nini, labda karai kubwa au gesi, umwongezee kabla hujanunua mbuzi hata mmoja.

Mzee_wa_Kasemeni

Mwanangu, hizo ekari 9 ni za nani? Kwale mashamba mengi bado yako kwa jina la marehemu, mengine ni ya ranchi ya kundi, yaani ardhi ya pamoja ya wanachama, na tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 utaratibu wake ni mwingine. Nimeamua kesi za ndugu wa tumbo moja, mmoja kapanda mikanju, mwingine karudi kutoka mjini akasema hapa ni pangu. Mkanju unakaa miaka mitatu na zaidi kabla ya kukupa chochote. Usipande mti wala usijenge zizi la mawe mpaka wazee wakae, mipaka ionyeshwe, na iandikwe mbele ya chifu.

Mwana_wa_Ndavaya

Nimewasoma wote, mungu awalipe. Mzee, shamba bado lina jina la babu. Baba na ndugu zake walikuwa wanne, watoto wa marehemu ami mkubwa wako Nairobi na hawajawahi kuulizwa. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Jana nimekaa na mke wangu. Atabaki Magongo na watoto, nitamnunulia karai la pili na mtungi. Wenzangu kumi na mmoja tumekubaliana kwenda ofisi ya kazi Jumatatu, ujumbe wa M-Pesa ninao wote tangu mwaka wa pili. Tuktuk nimeiacha. Ijumaa napanda matatu ya Kinango kuomba kikao cha ukoo, na wale wa Nairobi nitawapigia nikiwa na mama pembeni.

Bi Mazeras, nikipata ruhusa ya kuweka zizi la miti tu, majike sita ya kuanzia ninunue sasa au ningoje mvua ioteshe majani?

Bi_Mazeras

Ngoja kikao kwanza. Kisha nipigie nikiwa Samburu, nitakuchagulia yaliyozaa mara moja. Na usinunue mpaka ujue nani atalala karibu na zizi usiku, maana fisi wa Ndavaya nawajua.